Gari la Sinema Mtongwe

Jumatano, 8 Mei 1963

Mkutano wa tawi la chama chetu cha wafanyakazi wa bandari, baada ya kazi. Katibu wetu, Wafula, alisema katika uchaguzi wa mwezi huu chama kitamuunga mkono Bwana Tsuma, aliyekuwa mwalimu, kwa sababu ameahidi shule ya serikali Mtongwe, darasa la tano hadi la nane. Akaomba watu wa kujitolea katika kampeni. Niliinua mkono kabla hajamaliza kusema.

Sababu ninazo mbili. Ya kwanza ni binti yangu Waridi. Alifaulu mtihani wa darasa la nne, nafasi ikakosekana. Tangu Januari yuko nyumbani. Ya pili sikuisema mkutanoni. Shule itahitaji mwenyekiti wa kamati, na mwenyekiti huyo anaweza kuwa mimi.

Wafula ndiye atakayesimamia Mtongwe. Mimi nizunguke nyumba kwa nyumba. Yeye ni mtu wa bara, amehamia juzi tu. Mimi nimezaliwa hapa. Iliniuma.

Ijumaa, 10 Mei

Nyumba kwa nyumba ni kazi ya kuchosha. Kila mlango shikamoo, kila mlango habari za wagonjwa, ndipo tufike kwenye kura. Jioni nzima nyumba chache tu.

Nimepata njia fupi. Mwaka jana gari la sinema lilikuja kuonyesha picha za mbu, na Mtongwe yote ilitoka, hata wagonjwa. Basi nimetangaza kwamba Jumapili, Bwana Tsuma akimaliza kuhutubia, kutakuwa na sinema. Dereva wa gari lile namjua. Nilimfuata Likoni, akasema ataangalia. Kuangalia ni karibu sawa na kukubali.

Wafula sikumwambia. Atajionea mwenyewe.

Jumapili, 12 Mei

Watu walijaa. Wafula aliniuliza nimewaitaje. Nikamwambia hiyo ndiyo faida ya uenyeji. Kina mama walikuja na shuka jeupe, wakalifunga kati ya minazi miwili. Bwana Tsuma alidhani amewekewa kivuli, akawashukuru. Alisema vizuri juu ya watoto wa makuli wanaokomea darasa la nne kama kwamba akili zao nazo zimekomea hapo. Watu walipiga makofi huku wakitazama barabarani.

Magharibi ikaingia. Gari halikuja. Nilipanda juu ya benchi nikasema wapinzani wetu wamelizuia njiani. Uongo huo ulinijia wenyewe, sikuutafuta. Kina mama wakafungua shuka lao, wakaondoka wamenuna.

Jumatano, 15 Mei

Dereva amekaa Likoni akinywa kahawa na kuwaambia watu kwamba hakuzuiwa na mtu, wala hakuahidi kitu. Habari ilifika Mtongwe kabla yangu.

Nilipita kwa jirani yetu Bi Dhahabu, nikampa shikamoo. Aliitikia marahaba, akaniweka chini, kisha akasema polepole, "Matano mwanangu, sinema ilikuwa uongo. Hao waliozuia gari nao walikuwa uongo. Sasa hiyo shule niiamini vipi?"

Niliaga, nikatoka haraka.

Wafula amepata habari. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema tu kwamba wengi sasa hawataki hata kwenda kupiga kura.

Nilimwambia mke wangu Mwanasaumu kwamba kesho nitazunguka kuwaeleza watu.

"Usieleze kitu tena, baba Waridi," akasema. "Wewe kaa na mtoto. Nitakwenda mimi."

Jumanne, 21 Mei

Mwanasaumu na Nafula, mke wa Wafula, wanazunguka kila alasiri. Hawaahidi chochote. Wanawauliza kina mama watoto wao wakubwa wako wapi saa hizi, kisha wanakaa kusikiliza. Nyumba moja inawachukua muda mrefu kuliko mimi. Mwanasaumu anarudi sauti imekauka.

Mimi napika. Leo nikisonga sima, Waridi alikuwa mlangoni anasoma kipande cha gazeti kilichofungiwa samaki. Namwona nacho tangu wiki iliyopita. Nilimuuliza habari hiyo inaishaje. Akasema haiishi, upande wa chini umechanika, kwa hiyo kila siku humalizia mwenyewe. Alisema mwisho wa leo ni mzuri kuliko wa jana.

Nilisimama na mwiko mkononi. Sima ikaungua.

Jumamosi, 25 Mei

Siku ya kura. Foleni ndefu, kina mama wengi kuliko wanaume. Bi Dhahabu alikuwa mbele, ameshikwa mkono na Mwanasaumu. Nilimwamkia kwa mbali. Aliitikia, hakugeuka.

Mpiga picha wa gazeti alikuwapo. Nilikimbia nyumbani kuvaa koti. Niliporudi alikuwa ameshavuka na feri. Nikaingia mwisho wa foleni na koti langu, juani.

Jumanne, 28 Mei

Bwana Tsuma ameshinda, kwa tofauti ndogo. Mkutanoni Wafula alisema kura za Mtongwe ndizo zilizoamua, akawashukuru Mwanasaumu na Nafula kwa majina. Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma, na ilikuwa kweli moyoni. Nilipokaa nikakumbuka kwamba umati wa kwanza niliuita mimi. Hakuna aliyelitaja hilo.

Jumapili, 9 Juni

Shule haijajengwa, ila Mwalimu Jerioth, aliyemfundisha Waridi darasa la nne, amekubali kuanza na darasa la tano katika chumba cha kuazima. Waridi yumo. Alipoambiwa alikwenda kufua gauni lake la shule, ingawa zimebaki siku nyingi, na ingawa limeshamwia fupi.

Kamati imechaguliwa. Mwenyekiti ni Mwanasaumu. Nilipata kura yangu mwenyewe na nyingine moja, nadhani ya Wafula, kwa huruma.

Nimepewa kazi ya kukusanya watu Jumapili ijayo wafyeke kiwanja cha shule. Nilianza leo nyumba kwa nyumba, kama nilivyoagizwa. Huyu mgongo, yule ana mgeni. Nikaona tutafyeka mimi na Wafula peke yetu. Basi nimewatangazia kwamba atakuja waziri kutoka Nairobi kushika panga la kwanza. Wote wamekubali.

Mwanasaumu ameniuliza ni waziri gani huyo. Nimemjibu kwamba serikali ni mpya na mawaziri ni wengi. Hatakosekana mmoja mwenye nafasi Jumapili.