Mtu wa Makao Makuu

Mzee wa Tai hakuwa mzee, na hiyo tai yenyewe aliiazima kwa shemeji yake bila shemeji kujua. Asubuhi hiyo alikuwa kwenye benchi la ofisi moja ya serikali, akijidai anasubiri huduma, ndipo alipomsikia mfagiaji akimwambia mwenzake: "Yule mama wa masjala katimiza sitini tangu mwaka jana, na bado kila siku yuko kazini."

Mate yakamjaa mdomoni. Mtu anayeogopa kustaafu, alijiambia, ananunua chochote.

Akaingia masjala. Mafaili yalikuwa yamepanda hadi darini, na nyuma yake alikaa mwanamke wa miwani, miguu kaiweka juu ya kreti kwa sababu ya magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Watoka wapi?"

"Makao makuu," akajibu bila kupepesa jicho. "Nimewaletea Mpango wa Kuahirisha Kustaafu. Unafanya kazi miaka mitano zaidi, pensheni yako imelala kwetu inanenepa tu. Ukija kuondoka, unaikuta maradufu. Kuna ada ya fomu, kidogo tu."

Mama akavua miwani. "Makao makuu kwelikweli?"

"Mama, hii tai huioni?"

"Naiona." Akaifuta miwani taratibu. "Ada nitalipa. Na wenzangu kumi na wawili nitawaleta. Ila serikali ni karatasi, mwanangu. Sharti ukague mafaili, usaini kwamba umeyakuta yote, na uache nakala ya kitambulisho."

Kumi na wawili! Wahenga walishasema tamaa mbele, mauti nyuma, lakini wahenga hao hakuna aliyewahi kuwaahidi ada kumi na tatu. Akatoa kitambulisho chake cha kweli, kwani cha bandia gundi ilikuwa haijakauka. Siku tatu nzima alikagua mafaili, akipiga chafya na kusaini, kusaini na kupiga chafya, huku mama akimgongea mhuri na kumwita mwanangu.

Siku ya nne alikuja kuchukua chake. Kiti cha mama kilikuwa kitupu. Mlangoni alisimama mkuu wa ofisi na funguo mkononi.

"Afadhali umekuja! Mwaka mzima tunawaandikia makao makuu mtuletee mtu wa kupokea masjala. Bila kukabidhi, mama wa watu asingestaafu. Jana kaondoka analia kwa furaha. Anasema mjukuu wake alishaanza kumwita mgeni."

"Mkuu, mimi kwa kweli..."

"Wewe umesaini. Likipotea faili moja, polisi tunawapa nakala ya kitambulisho chako." Akamkabidhi funguo. "Halafu kakuachia barua."

Mzee wa Tai akaifungua. "Mwanangu, Mungu akubariki, umenirudisha nyumbani. Ile ada nimeiahirisha. Fanya kazi miaka mitano, utaikuta maradufu."

Yuko pale hadi leo, miguu juu ya kreti. Ukipita una maneno matamu na tai shingoni, atakukaribisha kiti, kisha atakuuliza kwa upole kama unatoka makao makuu.