Ombi la Kuandikishwa Kuwa Nusu ya Mtu Aliyepunguzwa Kazini

Kwa Katibu wa Tawi,
Chama cha Wafanyakazi,
Kiwanda cha Mablanketi.

Ndugu Katibu,

Kwanza pole na majukumu. Najua siku hizi huna hata nafasi ya kujikuna, maana wenzetu thelathini wamepunguzwa kazini na wote wanakutegemea wewe. Mimi sikupunguzwa. Ndiyo sababu ninalalamika.

Mimi ni mkunjaji wa mablanketi, meza namba nne, huu ni mwaka wa kumi na tisa. Kukunja ni kazi ya watu wawili: mmoja anashika ncha mbili huku, mwenzake anashika mbili kule, mnasogeleana, mnakutanisha ncha, mnarudi nyuma, mnasogeleana tena. Mwenzangu alikuwa shemeji yangu, kaka wa mama watoto. Mwezi uliopita uongozi na chama mlikubaliana kwamba katika kila jozi aondoke aliyeajiriwa baadaye. Shemeji aliajiriwa siku tatu baada yangu, kwa kuwa wiki ile jino lilikuwa linamsumbua. Basi jino la miaka kumi na tisa iliyopita, ambalo lilishang'olewa, ndilo lililomtoa kazini. Mimi nimebaki na ncha mbili, na nyingine mbili ziko sakafuni.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Waliopunguzwa wamefunguliwa Dawati la Msaada katika ile stoo ya nyuzi. Wana mshauri nasaha, wana mafunzo ya kompyuta, wanafundishwa kuandika wasifu na kujibu maswali ya usaili. Sisi tuliobaki hatuna hata kiti. Nilipokwenda kwa mshauri aliangalia orodha, hakuliona jina langu, akaniambia nimshukuru Mungu nirudi kazini. Nilimshukuru. Niliporudi, blanketi lilikuwa palepale.

2. Nimejaribu washikaji wa kila aina. Kitasa cha dirisha kinashika vizuri lakini hakisogei. Mlinzi wa geti alinisaidia siku moja, ila kila gari lilipopiga honi aliachia. Msumari umetoboa mablanketi sita, na msimamizi ananiuliza mimi, hauulizi msumari. Nyumbani nilimwomba mke wangu tufanye mazoezi kwa shuka, akasema yeye hayumo kwenye orodha ya wafanyakazi na kwamba kaka yake arudishwe kwanza.

3. Shemeji amebadilika. Tangu afundishwe usaili, anampa kila mtu mkono huku akimtazama machoni, hata watoto wangu wanapokwenda kulala. Darasani aliulizwa ana uwezo gani wa pekee, akajibu kwamba anajua kushika upande wake. Walimpa cheti. Mimi ninayejua upande ule mwingine sina cheti.

4. Hapa ndipo penye uzito. Blanketi lina ncha nne, mimi nina mikono miwili. Kama kazi ilikuwa ya watu wawili na mmoja ameondolewa, basi kazi yangu imepunguzwa nusu, na kwa hiyo mimi nimepunguzwa nusu. Naomba chama kiniandikishe kuwa nusu ya mtu aliyepunguzwa, nipate nusu ya kila kinachotolewa: mshauri nasaha kwa nusu saa, kompyuta kwa vitufe vya upande wa kushoto, na wasifu hadi katikati ya ukurasa. Siku ya kuwaaga wenzetu nipangiwe kusimama kizingitini, mguu mmoja ndani na mmoja nje. Hotuba zikifika katikati nitarudi kazini mwenyewe bila kusukumwa.

5. Hili nusura nisiliandike. Nina upweke. Mimi na shemeji tunakaa nyumba zinazotazamana na tunaonana kila jioni, lakini jioni ni habari za ada za shule na bomba linalovuja. Mezani tulikuwa hatuzungumzi chochote, tulikuwa tunakutana katikati mara mia tatu kwa siku. Sijui ni dawati lipi linaloshughulikia jambo hilo.

Naiweka kalamu chini nikiwa na imani na chama changu. Nisalimie mweka hazina, dereva, na yule mama anayepiga mihuri. Mwambie muhuri wa safari ile ulitoka kichwa chini miguu juu lakini tuliuelewa.

Wako katika mshikamano,
Mkunjaji, meza namba nne, upande wa dirishani.

Nakala: Meneja wa Kiwanda, kwa taarifa tu.

Nyongeza: Ndugu Katibu, kumbe nakala ya Meneja imefika kabla ya barua yako. Ameniita sasa hivi. Ameisoma mara mbili na kuniambia hajawahi kuona mfanyakazi mwenye fikra kama hizi. Yeye siku zote alidhani mtu hupunguzwa mzima mzima. Hoja yangu namba nne ameikubali yote. Kuanzia Jumatatu mimi ni nusu, na nusu iliyobaki amempa shemeji. Nilitaka kumkumbatia. Kisha akanisomea ratiba: mimi nafanya kazi hadi saa sita mchana, shemeji anaingia saa saba. Tafadhali ichane barua hii, uniandikie nyingine yenye muhuri kwamba mimi ni mtu kamili, shemeji ni mtu kamili, na wote wawili tunatakiwa mezani kwa wakati mmoja. Fanya haraka, maana Meneja ametoka na barua yangu mkononi na anahesabu meza zilizobaki.