Sufuria la Mlo Kamili Lazinduliwa Likiwa Limefunikwa

LUKWANGI, ULUGURU. Kila kaya katika Kata ya Lukwangi sasa inakula mlo kamili kwa gharama nafuu, alisema jana Mratibu wa Mpango wa Sahani Kamili, Innocent Mhina, mbele ya umati ambao tangu asubuhi ulikuwa haujala kitu. Juzi tangazo lilipita nyumba kwa nyumba likiwataka wananchi wasiwashe moto, kwa kuwa chakula cha mchana kingepikwa na kuliwa uwanjani kama somo. Kina mama waliambiwa waje na mazao ya mfano, wakaja nayo. Hotuba ilianza saa tano. Tunaichapa kama ilivyotolewa.

"Mheshimiwa Diwani, Mheshimiwa Mwakilishi wa Mheshimiwa ambaye ameshindwa kufika, Mheshimiwa Mtendaji wa Kata, waheshimiwa wenyeviti wa vitongoji mliopo na mlio njiani, Shehe wetu, Paroko wetu, wasomi mliopanda kutoka Mzumbe, wafanyabiashara mliotoka mbali kule Gairo, dereva wangu Erick, kina mama wa Lukwangi, itifaki imezingatiwa, lakini kwa kuwa muda tunao, naomba niirudie. (Anairudia. Mguno.)

"Kabla sijasema, niseme. Mimi hapa si mgeni. Mimi ni mtani wenu wa kuzaliwa! Na mtani ni nani? Mtani ni mtu anayeingia jikoni kwako, anabeba kuku wako, na wewe unabaki unacheka. Kwa hiyo hapa jisikieni huru. Hata mkinivua koti hili, sikasiriki! (Makofi. Bi Chausiku, ambaye hukodisha masufuria ya shughuli na ndiye mwenye sufuria la leo, anasimama: 'Rudia hapo, baba, wasikie na wa nyuma.') Narudia, mama yangu: mtani hakasiriki! (Makofi marefu.)

"Nyuma yangu mnaliona sufuria. Limekaa juu ya mafiga matatu, limefunikwa kwa majani ya mgomba. (Umati unalitazama. Umati haujaacha kulitazama tangu ulipofika.) Ndugu zangu, kupanga mlo wa familia si suala la kupika. Kupika ni hatua ya mwisho kabisa katika mnyororo wa thamani, na mataifa mengi yamekwama kwa sababu yalianza na kupika. Sisi tumeanza na fremuweki. Kutoka kwenye fremuweki tukaenda kwenye wekishopu, kutoka kwenye wekishopu tukaenda kwenye wekishopu ya kupitia wekishopu, ambako wadau, chini ya uratibu wangu ambao kwa kweli hata mimi uliniridhisha, walikubaliana kwa kauli moja kwamba mtoto anapaswa kula. (Sauti: 'Lini?')

"Hilo ni swali la implimentesheni, litajibiwa na mtu wa implimentesheni, naye yuko likizo. Tuendelee. Vyakula viko katika makundi sita, na mpango wetu umeongeza kundi la saba, yaani kamati. Sahani isiyo na kamati inaweza kushibisha, lakini haiwezi kuwa endelevu. Aidha, si lazima mama anunue nyama kila siku. Anaweza kupata nguvu na afya kutoka kwenye maharage, kunde, njegere na mboga za majani, ambazo utafiti wetu umegundua kuwa zinaota hapahapa Uluguru. (Paskalia, mkulima wa karoti na njegere wa mtelemko wa juu: 'Umegundua lini hiyo?') Robo ya pili ya mwaka, mama. ('Marehemu bibi yangu angefurahi kusikia.') Ahsante. Mpango unatambua mchango wa marehemu.

"Sasa tuingie kwenye takwimu. Uelewa kuhusu mlo kamili umepanda kwa asilimia mia na kumi na nne, hizo kumi na nne tukiziazima kwa kata jirani. Na kwa upande wa gharama, tathmini ya asubuhi hii pekee inaonesha kwamba matumizi ya chakula katika kaya za Lukwangi yameshuka kwa asilimia mia moja. Nani amenunua mkaa leo? (Hakuna mkono unaoinuka.) Nani amenunua mafuta ya kula? Chumvi je? (Mtoto analia.) Huo ndio unafuu tunaousema! Hakuna mlo wa bei rahisi kama ule ambao bado uko kwenye mipango.

"Namsikia mtoto analia. Mtoto anayelia kwa nguvu namna hiyo ni kiashiria kizuri sana cha lishe. (Paskalia: 'Ni wangu huyo, na ana njaa!') Ni kiashiria chenye njaa, mama, lakini ni kiashiria.

"Nimepita pia kwenye meza ya maonesho. Nimeona kabichi, njegere, magimbi, karoti, vitunguu, mkungu wa ndizi. Nikaguswa. Na ninyi kwa ukarimu wenu mkanizawadia, na dereva Erick ameshapakia. (Zogo. 'Nani kakuzawadia? Tuliambiwa ni vya kupikia!') Tulieni. Tutumie neno sahihi: ni sampuli. Zinakwenda kupimwa. ('Na mkungu wa ndizi?') Sampuli. (Paskalia: 'Na jogoo wangu?') Jogoo ni sampuli hai. (Bi Chausiku anasimama na kuelekea kwenye gari. Kina mama wanamfuata, kanga zimefungwa viunoni.)

"Naona Bi Chausiku ananyoosha miguu. Bi Chausiku, hilo ni gari la mpango. Bi Chausiku, mlango wa nyuma huo una... Erick! Erick, funga! (Erick, ambaye naye hajala, anafungua.) Mama yangu, ukigusa mali hiyo nitachukua hatua! (Bi Chausiku, kabichi kila mkono: 'Mtani, cheka!' Umati: 'Cheka! Cheka!') Nilizungumza kwa ujumla. ('Ulisema hukasiriki!' Shehe anathibitisha kwamba alisema. Paroko anathibitisha kwamba alirudia.) Ha. Ha ha. (Magimbi yanashushwa.) Ha.

"Ndugu wananchi, sufuria lisifunuliwe kabla ya kipengele chake! (Sufuria linafunuliwa. Ndani kuna utepe mwekundu na mkasi.) Hapo ndipo nilipokuwa naelekea. Tungekata utepe, tungepiga picha, kisha tungeingia awamu ya pili. (Utepe unatumika kufungia kuni. Moto unawashwa.)

"Nihitimishe kwa kaulimbiu. Nikisema 'Sahani Kamili', mjibu 'Taifa Kamili'. Sahani Kamili! (Umati: 'Sogeza maji!') Mlo bora! (Umati: 'Menya vitunguu!') Vizuri sana.

"Kwa namna ya pekee nawashukuru wafadhili wa mpango huu, ambao tutaanza kuwatafuta. Naishukuru kamati ya utekelezaji, ambayo itaundwa. Nawashukuru wapishi wa mpango, ambao wangeajiriwa. Namshukuru Bi Chausiku kwa kutuazima sufuria lake kwa ajili ya picha. Na naushukuru mpango wenyewe ambao, kama ungekuwepo, leo ungekuwa umefika mbali sana. Ahsanteni kwa kunisikiliza. (Hakuna anayemsikiliza. Anakabidhiwa kisu na karoti.)"

Njegere na magimbi viliiva saa tisa alasiri. Watoto walitangulia kula. Jogoo alirudi kwa Paskalia akiwa hai. Mratibu, ambaye alimenya karoti zote alizopewa, alipata sahani yake baada ya Erick.

Kikao cha kujadili kama mpango uanzishwe kitafanyika Jumatano saa nne asubuhi, uwanjani hapo. Bi Chausiku amewataka wananchi wale majumbani kwao kabla ya kuja. Mratibu ametakiwa kuja na mazao ya mfano.