Clive Lazima Anenepe

Jumatatu, 2 Juni

Nimepata mbwa! Si mbwa hivi hivi. Mbwa wa mashindano, mstaafu. Uwanjani walimwita Umeme wa Magharibi, nyumbani anaitwa Clive. Mrefu kama meza ya kulia, mwembamba kama miguu ya hiyo meza. Mbavu unaweza kuzihesabu ukiwa ng'ambo ya barabara.

Kaletwa na Philippa, mama wa chama kinachowatafutia makao mbwa waliostaafu mbio. Kanipa kwa majaribio tu. Kasema Clive ana kilo ishirini na saba, na Jumamosi ya mwisho ya mwezi atarudi na mizani. Akimkuta hajafika ishirini na tisa, samahani sana Noreen, itabidi aende kwa mtu mwenye uzoefu. Aliposema uzoefu akatupa jicho upande wa pili wa ua, kwa jirani yangu Glenys Pascoe, ambaye ana mbwa wa aina hiyohiyo, Duchess, mnene kama mto wa kochi.

Uzoefu! Mimi ndiye niliyemlea Shane wangu, kilo mia na kumi, mtu anayeinama kupita mlangoni. Timu ya mpira ya Warrabin hapa haikuwa na mwingine wa kuruka katikati ya uwanja kugombea mpira wa juu. Kila kilo ya mtoto yule imetoka kwenye sufuria zangu. Nikamwambia Philippa asisumbuke na mizani, aje na winchi.

Shane yuko migodini, ng'ambo ya nchi upande wa Perth, tangu Februari. Clive alipoingia ndani alipita jikoni, akapita sebuleni, akaenda moja kwa moja kupanda kitanda cha Shane. Akalala chali, miguu juu. Merv, mume wangu, akauliza si nilisema kitanda kile hakilaliwi na mtu. Nikamwambia huyu si mtu, ni mgeni, na amechoka.

Nyumba imekuwa na pumzi tena. Simtoi huyu. Mizani isimame, ilale, simtoi.

Jumanne, 3 Juni

Philippa aliacha maelekezo. Chakula kikavu cha mbwa, kilowekwe kwa maji ya uvuguvugu, kidogo kidogo, mara tatu kwa siku. Nimecheka. Huko ni kulisha kifaranga.

Nimemchomea bega zima la kondoo, na mafuta yake, viazi, na mchuzi mzito juu. Kala kama aliyetoka kifungoni. Nikampigia Shane kumpa habari njema. Akasema, "Mama, polepole basi, huyo si mimi." Mtoto ana huruma yule. Kaitoa kwangu.

Jioni. Yaliyotokea kwenye zulia la ukumbini siyaandiki. Merv kasema zulia lenyewe lilikuwa baya tangu siku ya kununuliwa. Kweli. Basi hasara iko wapi?

Alhamisi, 5 Juni

Clive ana huzuni. Ananyoosha shingo dirishani, anatazama barabara, anashusha pumzi kama mzee.

Nimegundua! Ni kustaafu. Merv alivyostaafu kwenye maghala ya ngano ilikuwa vivyo hivyo. Kila asubuhi anaendesha gari mpaka kwenye maghala, anakaa ndani ya gari, anayatazama, anarudi. Wiki nzima hakumaliza sahani. Alipona siku vijana wa kazini walipoanza kumpigia simu za umbeya. Mstaafu hataki dawa, anataka habari za kazini.

Basi nimechukua redio ya jikoni, nikaiweka kwenye dirisha la nyuma, nikatafuta ile stesheni ya mbio za mbwa. Nikafungulia sauti. Mtangazaji akapaza, sungura wa bandia, yule wanayemfukuza mbwa, huyooo anakuja, na Clive wangu! Masikio juu! Akatoka kama risasi, akazunguka ile nguzo ya chuma ya kuanikia nguo, raundi kwa raundi, mpaka mbio zilipokwisha. Akarudi anahema, ulimi nje, macho yanang'aa.

Nimelia kidogo. Hakuna mwingine aliyewaza hili. Nimeiacha redio ikiendelea, nikaenda kazini kwenye kantini ya shule na moyo mweupe.

Jumamosi, 7 Juni

Nimempeleka Clive mpirani, na kifunga mdomo chake kama kinavyotaka chama cha Philippa, na koti la sufi nililomshonea, rangi za timu. Watu wote wametugeukia. Nimesimama pale pale ninaposimama siku zote, karibu na jiko la soseji.

Bill Hockridge, wa baa, kamtambua. Kasema alimshabikia mwaka jana, na Clive alipofika mwisho wenzake walikuwa wameshakunywa maji. Wenziwe Bill wakaangua kicheko. "Huyo, Noreen, alichelewa hata kustaafu!" Bill akaongeza. Nikamjibu Shane wangu mwaka ule walipochukua kombe yeye Bill alikuwa amekaa benchi na blanketi. Nikamwambia anipatie soseji zilizobaki, zote, na siagi ya kupakia.

Clive kazila kwenye gari tukirudi. Zulia la gari nalo halikuwa zuri.

Jumatatu, 9 Juni

Sikukuu. Nimempima Clive. Mizani ya bafuni, nasimama nimembeba, kisha natoa uzito wangu. Kumbeba yule si mchezo! Ni kama kubeba kiti cha kukunja kinachofunguka chenyewe. Merv akasoma namba, mimi nikatoa uzito wangu ule ulioandikwa kwenye leseni ya gari. Clive kapata kilo arobaini na moja!

Nilikuwa nimeshashika simu nimpigie Philippa. Merv akauliza kwa upole hiyo leseni niliikata lini. Nikamwambia Shane alikuwa darasa la pili. Merv akanionyesha mizani kwa kidole. Ikabidi nipande peke yangu.

Clive ana kilo ishirini na sita na nusu. Amepungua! Kwangu! Kwenye nyumba hii, ambayo hata kasuku alikufa kwa unene!

Nilitoka nje kupunga hewa. Glenys alikuwa kwenye ua, kama kawaida yake, kaegemeza viwiko. Akasema, "Noreen, mwenzangu, nisamehe kwa kuingilia, lakini ile redio ndiyo inayommaliza. Ukienda kazini anakimbia kutwa. Hebu itazame hiyo bustani." Nikatazama. Kweli nyasi zimekatika duara zima, udongo uko wazi kama uwanja. Nikamjibu ni fuko wa chini ya ardhi. Akasema, "Fuko gani wa kuzunguka duara, mama?" Akasema Duchess wake halali vizuri akisikia sauti ile, sembuse mwenye miguu ya Clive.

Nimemwelewa vizuri sana. Anamtaka Clive. Anataka anyong'onyee bila habari za kazini, ashindwe mizani, kisha aruke ua kwenda kwake. Wivu hauna koti, ungekuwa nalo lingemkaa Glenys.

Nimeongeza sauti.

Jumatano, 11 Juni

Msiba. Merv kaenda kuvua samaki mtoni na rafiki yake, mpaka mwisho wa mwezi, na kachukua redio! Redio ni yake, kasema, na mtoni hakuna cha kusikiliza ila rafiki yake. Nimemwambia anamwondolea mgonjwa dawa. Akambusu Clive kichwani, mimi shavuni, akawasha gari.

Clive kasimama chini ya dirisha la nyuma, kainua masikio. Hakuna. Akangoja. Hakuna. Akaingia ndani, akapanda kitandani kwa Shane. Mpaka nimemaliza kupika chakula cha jioni hajaamka.

Ijumaa, 13 Juni

Bado amelala. Anaamka, anakula, analala. Anaota, miguu inatikisika. Maskini. Kukata tamaa ni ugonjwa mbaya.

Sasa ni akili tu itakayotuokoa. Nimefungua sanduku la Merv la uvuvi alilolisahau gereji, nikachukua chubwi, vile vipande vya risasi vya kuzamisha ndoano. Nimevishona kwenye pindo la koti la Clive, kimoja kimoja, na pamba katikati visigongane. Kazi safi. Shuleni sikufika mbali, lakini mwalimu wa ushoni alisema mkono wangu ungenipeleka Melbourne.

Philippa atampandisha mizanini na koti, baridi yote hii. Nani atamvua kiumbe koti mwezi huu wa barafu?

Jumanne, 17 Juni

Kwa kuwa tumbo halitaki mafuta (mimi sikubali, ila mazulia yamekwisha), nimebuni changu mwenyewe. Kile chakula kikavu cha Philippa nakiloweka maji ya uvuguvugu, kidogo kidogo, asubuhi, mchana na jioni. Halafu juu yake, kijiko cha boga langu la kuponda. Boga ndiyo siri. Ni la bustani yangu, lile lililoshika nafasi ya pili kwenye maonyesho ya wilaya. La kwanza lilikuwa la Glenys, na alilipaka mafuta ling'ae, kila mtu anajua.

Tumbo limetulia. Clive kaweka kichwa chake juu ya goti langu wakati nakunywa chai. Kichwa kizito kuliko nilivyodhani. Chai imepoa. Sikuinuka.

Alhamisi, 19 Juni

Merv kapiga simu kutoka mtoni. Kauliza kama nimeziona chubwi zake, ndoano zinaelea juu kama mabata. Nimemwambia labda fuko.

Kauliza hali ya Clive. Nikamwambia amelala. Akasema tangu aondoke kila akipiga Clive amelala. Nikamwambia ndiyo, na dhambi hiyo iko shingoni mwake na redio yake.

Jumatano, 25 Juni

Siwezi kulala vizuri mimi. Nimemwambia Shane kwenye simu kwamba wakimchukua nitakiondoa kile kitanda kabisa, nisikione kitupu mara ya pili. Akasema, "Mama, nakuja Agosti." Nikamwambia najua. Kasema nimwachie Clive kitanda, yeye atalala kwenye kochi. Atalalaje kwenye kochi mtu wa urefu ule? Miguu itatokea barabarani. Mtoto wa dhahabu. Nimezaa, jamani.

Jumamosi, 28 Juni

Siku yenyewe. Philippa kafika na mizani bapa, kaitandaza uani. Glenys kaja upande wake wa ua na kikombe chake cha chai, kama mtu aliyekata tiketi. Mimi nimempamba Clive, koti limefungwa vifungo vyote.

Clive hakutembea. Alitia hatua moja, akayumba, akaja kama meli imepakia saruji. Philippa akasema mbona anatembea hivyo. Nikasema ni shibe. Akasema hebu tumvue koti kwanza, sheria yetu ni bila nguo. Nikasema atapata homa. Akasema ni dakika moja tu, mpenzi. Akafungua vifungo.

Koti lilianguka kwenye saruji, ngo! Sauti ya mlango wa benki. Kuku wa Glenys waliruka. Pindo likapasuka, chubwi zikabingirika mpaka kwenye viatu vya Philippa.

Philippa akaokota moja, akaigeuza, akaniangalia. Nikamwambia ni dhidi ya upepo. Upepo wa huku unainua makoti. Glenys alizama kwenye kikombe chake, mabega yanatikisika.

Nikaona mwisho wangu umefika. Nikamshika Clive shingoni. Nikamwambia Philippa kweli nimefanya, na ningefanya tena, mbwa huyu ana kitanda chake hapa na kichwa chake kina goti lake. Nikalia, mimi, ambaye sikulia hata Shane alipovunjika pua fainali.

Philippa akasema haya, tumpime kwanza. Clive akapanda mizani mwenyewe, uchi wake, kama bwana anayepanda jukwaa.

Kilo ishirini na tisa na robo!

Bila koti! Bila chubwi hata moja! Nimepiga kelele mpaka Duchess kaamka. Philippa akampapasa mbavu, akasema hazionekani kama mwanzo, kapendeza, ni wako. Akauliza nimefanya nini. Glenys akapaza kutoka ng'ambo ya ua, "Merv kaondoka na redio, ndicho kilichofanyika!" Nikamwambia Philippa asimsikilize, ni mambo ya boga. Nafasi ya pili wilaya nzima, nikamweleza. Akaandika jina la boga.

Kabla hajaondoka kanirudishia chubwi zote mkononi. Kaniambia niendelee hivyo hivyo, nisibadilishe kitu chochote. Mwanamke mwerevu sana yule.

Glenys naye kaleta keki baadaye, kupongeza. Kavu kidogo. Nimekula vipande vitatu kwa adabu.

Jumatano, 2 Julai

Merv karudi. Samaki hana. Redio nayo hana, iliangukia mtoni siku ya mwisho. Nimemsamehe, kwa sababu leo roho yangu ni kubwa. Nimeenda mjini nikamnunulia Clive zawadi ya ushindi, maana mcheza kwao hutunzwa.

Redio mpya! Spika mbili, kubwa kama sanduku la mkate. Nimeifunga kwenye dirisha la nyuma kwa waya, asije mtu akaondoka nayo tena. Stesheni ileile. Mtangazaji yuleyule, sungura huyooo.

Jamani, ungemwona! Wiki zile zote za huzuni zimefutika. Masikio juu, duara la kwanza, la pili, udongo unaruka mpaka kwenye shuka nilizoanika. Glenys kafungua dirisha, kaniita jina langu lote, kisha akafunga bila kumaliza.

Ila jioni hii nimempapasa mbavu. Naona kama zinarudi kidogo. Kesho naongeza boga.