Utafiti wa Noti za Nyumbani

Jumatatu, 3 Machi
Leo ni leo! Mkurugenzi wetu wa utafiti hapa benki kuu anataka makadirio ya mahitaji ya fedha: watu wanapenda kukaa na noti kiasi gani nyumbani badala ya kuziweka benki? Tunaanza na mtaa mmoja, wa kwangu. Atakayepatia ndiye mkuu mpya wa kitengo. Mpinzani wangu ni Bwana Tai, asiyevua tai hata kwenye joto. Yeye anajifungia na kompyuta. Maskini! Mimi nitawauliza wenye pesa wenyewe.

Jumanne, 4 Machi
Nyumba kwa nyumba! Maswali matatu tu: mna noti kiasi gani, mnaziweka wapi, na saa ngapi huwa hakuna mtu. Hilo la mwisho ni ili nisije nikapiga hodi bure. Fundi cherehani aliniangalia kuanzia unyayo hadi utosi, akasema atanijibu kesho. Mama mkwe alinikaribisha vizuri: anazo nyingi, ila nisithubutu kumwambia baba mkwe. Mke wangu anasema nimerukwa na akili. Wivu!

Jumatano, 5 Machi
Nusu ya pesa za mtaa ziko nyumbani! Bwana Tai anasema sehemu moja ya kumi. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Nimemwalika mkurugenzi aje kesho ajionee mwenyewe. Ukuu huo unanukia!

Alhamisi, 6 Machi
Nimeumbuka! Fundi cherehani amevumisha kwamba kuna mwizi mstaarabu anayezunguka na kalamu. Mtaa mzima umekimbilia benki. Foleni imefika barabarani, mama mkwe yumo na bahasha nene, baba mkwe nyuma yake ametoa macho. Tuligonga kila mlango, hatukuona noti. Ni mke wangu tu ambaye hakwenda. Alimwambia mkurugenzi kwamba yeye haogopi mwizi anayelala naye kitanda kimoja. Nilitamani ardhi inimeze.

Ijumaa, 7 Machi
Hesabu imerudiwa: zilizobaki nyumbani ni sehemu moja ya kumi. Bwana Tai ndiye mkuu! Nimemtengenezea ushindi kwa mikono yangu, na hata asante hakusema. Roho inaniuma.
Lakini sijafa moyo! Wiki ijayo nitashangaza watu kwa utafiti wa dhahabu, mtaa wa pili. Safari hii nitapita jioni, giza likianza kuingia, na nimeshanunua kofia na miwani myeusi, ili watu wasione haya kunijibu.