Tabaka Langu Gumu

Jumatatu, 3 Machi

Siku njema kabisa! Mama Mhandisi, mkuu wa maabara yetu ya udongo, alitukusanya asubuhi akatangaza kwamba kituo cha utafiti kimetoa nafasi moja ya mafunzo. Miezi sita ya kusomea udongo, na mwishoni cheti. Anayerudi na cheti anakuwa fundi sanifu, anapewa koti jeupe lenye jina lake kifuani, na haoshi chekeche tena maisha yake yote.

Nafasi moja. Nilitazama huku na huku, nikajiona mimi tu.

Bahati mbaya Pimamaji naye akanyoosha mkono. Ni dada tunayefanya naye kazi meza moja. Tulimpa jina hilo la kifaa cha fundi cha kupimia unyoofu kwa sababu hajui kupinda. Hata akikohoa, anakohoa wima. Mama Mhandisi akasema basi, tutashindana kwa vitendo. Nyuma ya maabara kuna kiwanja kitakachojengwa ukumbi mpya. Kila mmoja achimbe shimo, achukue sampuli ya udongo wa chini, aupime nguvu na kuleta matokeo. Mashimo yakae jirani, asije mtu akalalamika kwamba kapewa ardhi mbaya.

Nyumbani nilimwambia mke wangu kwamba nimechaguliwa. Bado, lakini habari njema ikicheleweshwa hupoa. Alipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani kajifungua. Kisha akampigia simu baba yake. Baba mkwe aliendesha greda mpaka alipostaafu, na kazi yangu hajawahi kuiheshimu. Nilimsikia akicheka huko simuni: yeye udongo aliusukuma, mkwe wake anaupakata. Jumapili atakuja kunipongeza ana kwa ana. Aje!

Jumanne, 4 Machi

Nimechimba. Shimo la kupendeza, kuta zimesimama, sakafu safi, kina mpaka kiunoni. Ningeweza kulipangisha.

Pimamaji alinitangulia. Kazi yenyewe ni hii: unasukuma bomba la chuma taratibu ndani ya udongo, unalitoa, unaziba ncha zote mbili kwa nta ili udongo ubaki vile vile ulivyokuwa ardhini. Alilibeba bomba lake kama aliyebeba mayai.

Mimi nilibonyeza sakafu ya shimo langu kwa kidole gumba. Kidole kikazama! Udongo wa mfinyanzi, laini, mlegevu, hauna hata haya. Nilisikitika sana. Udongo kama huo utaupelekaje mbele ya wakubwa? Mtu akienda kwenye usaili hufua shati na kulipiga pasi, na hakuna anayemwita mwongo. Kwa nini udongo uende na makunyanzi yake?

Wenzangu walipokwenda kula, nilichukua nyundo ya kushindilia nikashuka shimoni. Nikatwanga. Nikamwaga mchanga mkavu kidogo, nikatwanga tena. Nilipotaka kusukuma bomba, likagoma. Ikabidi lipigwe nyundo ndipo liingie. Huo sasa ndio udongo wenye adabu!

Alhamisi, 6 Machi

Matokeo! Udongo wa Pimamaji uliwekwa kwenye mtambo, ukabanwa kidogo tu, ukaota kitambi na kukaa chini. Nilimpa pole. Ukaja wangu. Mshale ukapanda. Ukapanda. Mama Mhandisi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mshale ulikuwa bado unapanda.

Akaniuliza kama nina hakika sampuli hiyo imetoka kiwanjani kwetu. Nikamjibu kwa unyenyekevu kwamba udongo humtambua mchimbaji wake. Pimamaji akadakia kwamba kati ya shimo lake na langu hata mbuzi hawezi kujinyoosha. Imekuwaje yeye aangukie uji na mimi niangukie saruji? Wivu. Mti wenye matunda ndio upigwao mawe.

Cha ajabu, Mama Mhandisi hakunitangaza mshindi pale pale. Aliingia ofisini akampigia simu profesa wa kituo cha utafiti. Mimi nilikuwa nafuta vumbi kwenye kitasa cha mlango wake, nikasikia. Alisema limeonekana tabaka gumu lisiloeleweka. Amekwisha kumdokeza mchoraji wa ukumbi, na kama tabaka hilo ni la kweli, msingi hautahitaji kwenda chini sana.

Kama ni la kweli! Mimi nililitengeneza kwa mikono yangu hii.

Ijumaa, 7 Machi

Profesa amefika. Ni mtu mfupi, sauti ya pole, kofia kubwa kuliko mabega. Shimo la Pimamaji alilichungulia tu. Langu aliingia! Akagonga sakafu kwa kijinyundo. Ngo, ngo. Akaniuliza, mimi, kwamba nadhani tabaka hili lilitokana na nini.

Profesa ananiuliza mimi! Niliweka mkono mmoja kiunoni. Nikasema kwa maoni yangu hapa palikuwa na ziwa, ukaja ukame wa maelfu ya miaka, likakauka, kisha wakapita tembo. Tembo niliwafikiria papo hapo. Niliona maelezo yangu yamepungukiwa na uzito. Profesa akanitazama kitambo, akaandika. Nilimwona kwa macho yangu akiandika neno "tembo".

Halafu akasema Jumatatu atarudi na mtambo wake kuchukua sampuli pembeni mwa shimo, aone tabaka linaenea mpaka wapi.

Linaenea mpaka wapi! Linaishia pale ilipoishia nyundo yangu. Nilikaa juu ya ndoo. Lakini si kwa muda mrefu. Mtafiti wa kweli akiona tabaka ni fupi, analirefusha.

Jumapili, 9 Machi

Baba mkwe alikuja na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye kila mtu anamwita Tani. Ukimwona huulizi kwa nini. Baba mkwe aliuliza koti jeupe liko wapi. Nikasema liko kwa fundi. Akashauri walishonee na kitambaa cha shingoni, kama cha mtoto anayelishwa uji, maana mtu anayepakata matope hakosi kuchafuka. Mke wangu akamwambia baba, mwache mwenzio, ndiye mkwe uliyenaye.

Nilimvuta Tani pembeni. Nikamwambia nina nafasi ya utafiti kwa ajili yake. Akauliza utafiti wenyewe unataka nini. Nikasema kuruka. Akasema kumbe elimu si ngumu kama wanavyoitangaza.

Mlinzi wa kiwanja alituuliza tunakwenda kufanya nini. Utafiti, nikasema. Akamtazama Tani juu mpaka chini, akasema huo utafiti umeshiba, akafungua geti. Tulichimba pande zote za shimo langu mpaka kina kile kile. Tani akaruka. Madirisha ya maabara yakalia. Nikamwaga mchanga, akaruka tena. Kisha tukafukia juu, tukasawazisha, nikapitisha ufagio. Hata ardhi yenyewe isingejua kwamba imeguswa.

Kandambili moja ya Tani haikuonekana. Tulitafuta kidogo. Nikamwambia sayansi ina gharama zake, akakubali, akarudi nyumbani akichechemea kama msomi. Alimwambia baba yake kwamba naye sasa ni mtafiti. Baba mkwe alikosa la kusema! Kwa mara ya kwanza tangu nimpose binti yake.

Jumatatu, 10 Machi

Nitaandika yote kwa utaratibu, ingawa mkono hautaki.

Mtambo wa profesa ulisukuma bomba pembeni mwa shimo. Ulipofika kwenye tabaka letu ukaguna. Profesa akatabasamu. Nami nikatabasamu. Tukaingia maabara, sampuli ikatolewa kwenye bomba, akaanza kuipasua katikati kwa waya, taratibu, kama anayekata sabuni. Waya ukakwama. Akavuta. Akachukua kibano, akachokoa, akatoa kipande cha mpira wa buluu chenye ukanda wake.

Akakiweka mezani.

Pimamaji, kwa upole wote wa duniani, akaniuliza, "Kaka, hao tembo walivaa namba ngapi?"

Wanafunzi wa profesa walicheka mpaka mmoja akatoka nje. Nilijaribu kueleza kwamba binadamu wa kale nao walikuwa na miguu. Mama Mhandisi hakucheka. Alinipeleka ofisini, akafunga mlango, na hakunipandishia sauti, jambo lililoniogopesha zaidi. Alisema mchoraji amekwisha kuanza kuupunguza msingi kwa kutegemea tabaka langu. Ukumbi ungejengwa. Kuta zingepasuka. Na ndani yake wangekuwa wamekaa watu. Akasema udongo hautafutiwi sifa, unaulizwa ukweli wake, na Pimamaji kwa kuleta udongo dhaifu kama ulivyo amewaokoa watu ambao hawatamjua kamwe.

Nilimsikitikia. Elimu yote ile, halafu anasifu udongo mbovu!

Nafasi kapewa Pimamaji. Mimi ni kuosha chekeche mpaka nitakapoambiwa vinginevyo.

Nyumbani nilikuta Tani amekwisha kumwaga kila kitu, na bado ana mguu mmoja mtupu. Mke wangu alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. Akasema, baba watoto, ungeniambia hujachaguliwa ningekutengea chakula kile kile na kukaa na wewe pale pale. Sasa vile vigelegele vyangu nivifanyeje, niende nikavidai kwa jirani?

Nilikaa nikamsaidia kuchambua mchele. Nilitoa mawe makubwa kuliko aliyotoa yeye, lakini haikuwa siku ya kulisema hilo.

Jumatano, 12 Machi

Nimeosha chekeche tangu asubuhi. Nimeziosha vizuri kuliko zilivyowahi kuoshwa. Nadhani Mama Mhandisi ameona, ila hataki kunivimbisha kichwa.

Kisha simu! Profesa, ananitaka mimi! Alisema siku ya kufungua mafunzo niende kituoni nikawaonyeshe wanafunzi, kwa mikono yangu mwenyewe, jinsi nilivyofanya. Alisema miaka yote aliyofundisha hajawahi kuona sampuli iliyovurugwa kwa bidii kiasi kile, na kwamba vitabu hueleza kosa hili lakini haviwezi kulionyesha.

Nilisoma haraka maana ya jambo hili. Pimamaji atakaa kwenye kiti. Mimi nitasimama mbele. Pimamaji ni mwanafunzi. Mimi ni nani, basi? Nimerushwa darasa!

Nilimpigia baba mkwe mwenyewe. Nikamwambia nimeitwa kufundisha kituo cha utafiti. Akauliza, bila cheti? Nikamwambia ng'ombe haulizwi cheti cha maziwa. Akasema huyo ng'ombe nimchunge asije akapiga teke ndoo. Mke wangu alisikiliza yote. Safari hii hakupiga vigelegele. Lakini shati alinipigia pasi, na kola akairudia mara mbili.

Jumatatu, 17 Machi

Siku yangu kubwa.

Profesa alikuwa ameandaa masanduku mawili ya mfinyanzi uliochukuliwa ardhini kwa uangalifu. La kwanza nilishindilie kama nilivyoshindilia kiwanjani. La pili nisiliguse, nichukue sampuli kwa njia sahihi, ili wanafunzi waone tofauti. Mpango mzuri, ila una hatari ambayo msomi hawezi kuiona: je, tofauti isipoonekana? Watu wametoka makwao, wamekaa, halafu udongo wa masanduku yote mawili ufanane? Aibu ingekuwa ya profesa. Kwa hiyo nilifika mapema kuliko wote, nikalimwagia sanduku la pili maji. Ndoo moja. Kisha, kwa usalama wake, nyingine.

Sanduku la kwanza lilikwenda kifalme. Nilitwanga, vumbi likaruka, wanafunzi wakasimama ili waone. Pimamaji alikuwa mstari wa mbele, akiandika ninayosema! Neno kwa neno! Profesa akawaita waje waguse sampuli yangu, akawaambia waikariri vidoleni mwao, maana uongo ukiwa mgumu namna hii hufanana sana na ukweli. Walipanga foleni. Hakuna udongo uliowahi kuguswa na wasomi wengi kiasi hicho.

Sanduku la pili. Nilizamisha bomba, nikalitoa, nikaisukuma sampuli kwa mkono thabiti mbele ya darasa zima. Sampuli haikutoka. Ilimwagika. Yote, juu ya viatu vya profesa, na kidogo ndani ya soksi.

Tofauti ilionekana mpaka viti vya nyuma.

Profesa alilitazama sanduku, akanitazama mimi, akaitazama ndoo. Kisha akaligeukia darasa, akasema leo wamepata bahati ya kuona makosa makubwa mawili ya kazi hii, kutoka kwa mtu mmoja, asubuhi moja. Akanishukuru. Akanisindikiza mwenyewe mpaka mlangoni, akiacha alama za matope, na akaniambia kwamba hakuna haja kabisa ya mimi kurudi.

Hakuna haja ya kurudi! Nimeitafakari kauli hiyo njia nzima. Pimamaji atarudi kesho, na kesho kutwa, na miezi sita mizima, kwa sababu bado hajui. Mimi nimemaliza kabla ya chai ya saa nne.

Kesho asubuhi nitamwomba Mama Mhandisi cheti changu. Akisema hakijachapwa, sitamsumbua. Namfahamu mchapaji mmoja mzuri sana.