Ukifika, Tumekufikisha

Shirika la ndege la umma lilitangaza mafanikio ya kihistoria, mbele ya maikrofoni nne na keki: mwaka mzima ulikuwa umepita bila kumrudishia nauli hata abiria mmoja. Ndege zilizofutwa mwaka huohuo zilikuwa mia mbili na kumi na moja, ila hizo zilisimamiwa na idara nyingine.

Fundi cherehani aliyasoma hayo kwenye bango ukutani, akiwa kwenye foleni ya Dirisha la Marejesho. Ndege yake ya asubuhi ilikuwa imefutwa. Kesho yake saa nane mchana binti yake angefanyiwa upasuaji wa kujifungua, kwenye mji wa mwisho wa reli, na mkwe yuko machimboni hapatikani. Treni ni safari ya saa kumi na sita. Ndiyo maana alishona sare za shule miezi mitatu ili apande ndege kama watu. Sasa ilibaki treni ya saa kumi jioni, na hela yake yote ilikuwa imelala ndani ya tiketi.

Karani alimweleza utaratibu kwa upole wa mtu anayekaribia kwenda kula. Nauli hurudishwa kwa safari iliyokufa tu. Kifo cha safari huthibitishwa baada ya siku thelathini, abiria akionekana bado hajafika. Akipanda treni akafika, basi safari haikufa, ilibadili usafiri.

"Kwa hiyo nikitaka hela yangu nikae hapa mwezi mzima?"

"Kukaa si lazima, mama. Kutofika ndiyo lazima."

Fundi hakuwa mgeni wa dirisha lile. Mwaka wa mafuriko abiria waliambiwa wasubiri maji yapungue. Maji yalipungua, nyasi zikaota, ng'ombe wakazila. Mwaka aliokosa maziko ya kaka yake alipewa pole na kalamu yenye nembo, nayo haikuandika. Akaomba kumwona mkubwa, na foleni nzima ikamfuata nyuma.

Mkurugenzi wa Marejesho aliwapokea kwa ukarimu. Aliwaeleza kwamba wananchi wana fikra finyu kuhusu usafiri wa anga.

"Sisi hatuuzi ndege, mama yangu. Tunauza kufika. Ukifika, kwa njia yoyote ile, tumekufikisha sisi."

Foleni iliguna. Fundi hakuguna. Alisema maneno hayo ni mazito, na yeye ni mtu wa sindano, kichwa chake husahau, mheshimiwa angemwandikia? Mkurugenzi, ambaye hata mkewe hakuwahi kutaka maneno yake yawekwe kwenye maandishi, alichukua karatasi yenye nembo. Aliongeza mwenyewe "abiria wote wa safari zilizofutwa", akasaini, akagonga mihuri miwili, wa pili wa kupendezesha.

Stesheni ya reli ilikuwa na mazoea ya zamani: mtu wa taasisi ya umma hupanda kwa barua yenye muhuri, na bili huifuata taasisi mwisho wa mwezi. Mkuu wa stesheni aliisoma barua mara mbili, akapapasa mihuri kwa kidole gumba.

"Shirika ndilo linalowafikisha. Haya. Mko wangapi?"

"Themanini na wanne," fundi akasema. "Wengine wamefuata watoto nyumbani."

Saa nane ya kesho yake fundi alikuwa mlangoni mwa chumba cha upasuaji, ameoga, amekula. Mjukuu alitoka akilia kwa sauti ya mtu aliyecheleweshwa.

Wizara iliposikia kwamba abiria wote wa ndege iliyofutwa wamefika, jambo ambalo hata wa ndege zisizofutwa hawakulizoea, ilifurahi mno. Iliagiza barua ile iwe utaratibu wa kudumu, na bili za reli zikatwe kwenye fungu la safari za Mkurugenzi, mwenye wazo. Fungu liliisha wiki ya pili.

Alipoitwa makao makuu kupongezwa, Mkurugenzi alikata tiketi ya treni daraja la tatu kwa hela ya mfukoni mwake. Behewa lilikuwa limefurika. Alipopata pembe ya benchi, kondakta alimgusa bega kwa adabu.

"Samahani mzee, simama kidogo. Wenye barua wakae."